Dumu Lenye Kufuli

Maji ndiyo yaliyotangulia. Kabla hatujamwona mtu, kabla ya baiskeli na vumbi lake, tulisikia chwaa, chwaa, chwaa, maji yakigonga kuta za plastiki, yakija kwa njia ya stesheni, yakipita nyuma ya ghala la tumbaku, yakipanda kijilima cha uwanja wetu pale Mpanda. Halafu ndipo alipojitokeza Kocha, kifua wazi, kipenga mdomoni, dumu la njano limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu. Sisi tuliokuwa tumelala chali kwenye nyasi kavu tulimeza mate. Hakuna wimbo wa redioni uliokuwa mtamu kama sauti ile. Na hakuna uliotutesa kama ile, maana katika misimu yote niliyomchezea Kocha, mimi beki wake wa kushoto, sikuwahi kuonja tone la maji yale.

Dumu lilikuwa na kufuli. Alitoboa mfuniko na mkono wa dumu kwa msumari uliopashwa moto, akapitisha cheni ya baiskeli, akatia kufuli zito la mlango wa duka. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Timu pinzani, alisema, haiwezi kukuroga kupitia hewa, hewa ni ya wote. Haiwezi kukuroga kupitia mpira, mpira unazunguka. Njia iliyobaki ni maji. Kwa hiyo aliyalinda maji yetu. Aliyalinda mvua ikinyesha, aliyalinda kiangazi, alilala nayo chumba kimoja, na aliyalinda vizuri mno hata sisi wenyewe hatukuyafikia.

Wakati wa mapumziko tulikaa duara naye akaliweka dumu katikati.

"Yatazameni," alisema. "Mwili ukiona maji unatulia."

Tuliyatazama. Jua la Oktoba liliwaka juu ya vichwa vyetu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Halafu alilitikisa dumu mara moja, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Mmesikia? Haya, imetosha. Nyie si samaki."

Kila mtu alimwita Kocha. Mkewe alimwita Kocha, shehe alimwita Kocha, hata karani wa stesheni alipompelekea pensheni yake alisema, "Kocha, weka dole gumba hapa." Nadhani alikuwa na jina kama watu wote, lakini lilikuwa limekauka siku nyingi, kama kila kitu kilichomkaribia.

Nadharia yake ilikuwa fupi. Maji yakinywewa mchezoni hushuka miguuni. Mguu wenye maji ni mzito. Yasiposhuka, hukaa ubavuni, kwenye bandama, na kuleta kichomi. Kiu, kwake, ilikuwa mbwa: ukimtupia mfupa leo, kesho atarudi na wenzake. Mchezaji aliyelalamika aliambiwa achume jani la mkwaju alitafune, na aliyelalamika tena aliambiwa alitazame dumu peke yake.

Ajabu ni kwamba mtu huyu, enzi za injini za mvuke, alikuwa na kazi moja tu pale stesheni: kuzinywesha maji. Alisimama juu ya tangi na bomba mkononi, na injini haikuondoka Mpanda mpaka ishibe. Kipa wetu, kijana wa maneno mengi, alimuuliza siku moja.

"Kocha, injini isipokunywa inakuwaje?"

"Inapasuka."

"Na sisi je?"

Kocha alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, injini ina bandama?"

Hakuna aliyejua kama injini ina bandama.

Kwenye chakula alikuwa na sheria nyingi zaidi. Kipa alikatazwa mlenda wiki nzima kabla ya mechi, kwa sababu mlenda huteleza, na kinachoteleza tumboni kitateleza mikononi. Lilikuwa jambo zito, maana mamake Kipa masika yote hakupika kingine. Alikula ugali kwa chumvi huku familia nzima ikivuta mlenda mbele yake, na mechi ilipofika mikono yake ilikuwa mikavu kabisa, lakini hakuwa na nguvu ya kuinyanyua.

Mabeki tulilishwa maharage ili tuwe wazito na watu wasitusogelee. Lengo la pili lilitimia.

Mawinga waliruhusiwa kuku, lakini kuku yeyote aliyenunuliwa sokoni amefungwa miguu alikuwa haramu kwao, haramu ya mpira: mguu uliofungwa huzaa mguu uliofungwa. Winga alipaswa kumkimbiza kuku mwenyewe mpaka amkamate. Basi asubuhi ya mechi mtaa mzima ulitoka kutazama mawinga wetu wakikimbizana na jogoo wa Kocha, ndugu mmoja mwenye shingo tupu, mzoefu, ambaye kwa kumbukumbu zangu hakukamatwa kamwe. Saa nane mchana mawinga waliingia uwanjani wamechoka, hawajala, na jogoo ameshiba.

Halafu kulikuwa na asali. Asali ndiyo dawa pekee aliyoigawa kwa mkono wazi. Warina asali wa Kikonongo walimletea kutoka mizinga ya porini, nyeusi, yenye harufu ya moshi, naye alitulambisha kila mmoja kwa kijiti wakati wa mapumziko. Mtu aliyelamba asali hajanywa maji anajua ninachokisema: ulimi unashika kaakaa na kaakaa halitaki kuachana na ulimi. Kipindi cha pili tulicheza bila kuweza kuitana. Na nyuki walitufuata. Mashabiki wa timu za mbali walidhani ni uchawi wetu, wakatuogopa, na Kocha akaandika hilo katika mafanikio ya asali.

Mkewe, Mama Maandazi, aliyekaanga maandazi mbele ya nyumba yao na kuuza chai, hakumwonea haya. "Kocha," alimwambia siku moja mbele yetu sote, mwiko wa mafuta mkononi, "hata mbuzi wa kuchinja hunyweshwa kwanza."

"Huyo anakwenda kufa. Hawa wanakwenda kushinda."

"Watakwenda wote pamoja, usijali."

Lakini nisimchore kama jiwe, sitakuwa nimemchora yeye. Kipa alipougua malaria, Kocha alimbeba kwenye baiskeli mpaka hospitali, akakaa kando ya kitanda, akamkorogea uji wa karanga kwa mkono wake, akamshikia kikombe cha maji mdomoni na kumsihi, "Kunywa, mwanangu, kunywa tena, maji ni uhai." Mgonjwa alimnywesha, mzima alimkausha. Ndiyo maana wachezaji wake tuliugua sana.

Na alimpenda Mhoja.

Mhoja alikuwa winga wetu wa kulia, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini ikatua Litapunga. Alikuja mazoezini kwa miguu akikimbia, akarudi kwao akikimbia, na katikati alikimbia ilivyotakiwa. Alikuwa na kichwa kilichotulia juu ya mwili unaoruka. Nikimpa mpira, nilikuwa nasimama kumtazama, na mara kadhaa nililaumiwa kwa kusimama. Mamake alimfungia kibuyu cha maziwa mgando. Kocha alikitia mkononi mwa Mama Maandazi, akisema maziwa huleta usingizi.

Babake Mhoja hakuupenda mpira. Alimpa mwanawe msimu mmoja. "Mpira usipokupeleka mahali," alisema, "kiangazi kikianza unarudi kwenye ng'ombe, na viatu hivyo unampa mdogo wako." Kocha alikwenda Litapunga mwenyewe, dumu nyuma, kuongea naye. Tulisimuliwa kwamba mzee yule, mwenyeji mwema, alimkaribisha maji ya kunywa, na Kocha alikataa kwa adabu akasema amekuja na yake. Mzee akalitazama kufuli, akamtazama mwanawe.

"Kocha, utanilindia huyu?"

"Kama hili dumu, mzee mwenzangu. Haguswi na mtu."

Nafasi ilikuja Karema. Tulikwenda kucheza mechi ya mwisho ya msimu, tumepakiwa kwenye lori la mahindi, na habari ilikuwa imetutangulia kwamba tajiri mmoja wa Tabora, mnunuzi wa migebuka na mfadhili wa timu kubwa ya huko, angekuwapo. Alikuwa akipakia samaki, na mbele kwenye lori lake kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Alitafuta winga. Njia nzima Kocha alimshika Mhoja bega. "Kiti chako kile," alimwambia. "Nimeshakiona."

Uwanja wa Karema uko juu ya mteremko unaokwenda ziwani. Nyuma ya goli moja hakuna ukuta wala miti: kuna Tanganyika. Maji ya buluu mpaka macho yanaishiwa, hayana mwisho wala mfuniko. Sisi, tuliotoka alfajiri bila kunywa, tulishuka kwenye lori tukasimama kama watu walioonyeshwa pepo. Kipa alipiga hatua moja kwenda mbele.

"Simama!" alifoka Kocha. "Nyie mnadhani ziwa hilo limekaa hapo bure? Karibu na goli? La nani hilo?"

"La Mungu," alisema Kipa.

"La Karema! Limewekwa. Asiliguse mtu."

Basi tulicheza bila kulitazama. Wenzetu hawakuwa na shida nalo. Walikuwa na winga mmoja, kijana wa kitambi kidogo, mvuvi, ambaye kila mpira ulipotoka alishuka mteremko akapiga magoti akanywa kwa viganja kama ndama, akarudi akitiririka maji kidevuni. Kocha alimcheka. "Huyo kipindi cha pili atalala." Mhoja kipindi cha kwanza alikuwa moto. Alimpita beki wake mpaka yule beki akaanza kumpisha mapema ili asiaibike. Nilimwona yule tajiri, kando ya matenga ya samaki, akimwonyesha dereva wake kidole: yule.

Mapumziko tulitazama dumu. Tulilamba asali. Niliketi karibu na Mhoja nikaona kitu kilichonitisha: sisi sote tuliloa jasho, yeye alikuwa mkavu. Ngozi yake ilikuwa kama karatasi iliyoanikwa.

"Mhoja, vipi?"

"Wale weupe wawili wamebaki nyuma," alinijibu, akiangalia mbali.

Nilidhani anawasema mabeki. Kipindi cha pili kilipoanza alipokea mpira, akauacha. Akatia vidole mdomoni akapiga mluzi mrefu, akaanza kutuswaga. Kweli kabisa. Alimzunguka Kipa kwa nyuma, akampiga makofi ya mgongo, "Heee! Heee! Tembea!" Akaniita mimi kwa jina la ng'ombe. Alitukusanya mmoja mmoja, mabeki, viungo, akatusukuma kuelekea goli letu wenyewe na ziwa lililokuwa nyuma yake, kwa sababu ilikuwa mchana, na mchana ng'ombe hupelekwa majini. Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Refa alicheka mpaka kipenga kikamtoka. Kocha alipiga kelele, "Mhoja! Upande ule! Upande ule!" Na mimi, nasema kweli, nilitaka aendelee kutuswaga. Ni yeye peke yake mwenye akili tuliyebaki naye.

Kabla ya mstari wa goli magoti yake yalikatika. Alianguka kifudifudi, mikono mbele, ziwa liko pale.

Kicheko kilikufa. Kocha alikuja mbio na dumu. Alipiga magoti, akavua kamba shingoni, akatia ufunguo kwenye kufuli. Haukuzunguka. Akaupuliza, akaupaka asali, akautia tena. Kufuli lililokuwa halijafunguliwa tangu siku lilipofungwa lilikuwa limeota kutu, limekuwa chuma kimoja. Kipa alilipiga kwa jiwe. Refa alilipiga kwa jiwe kubwa zaidi. Kapteni wa Karema alileta kasia. Ndani maji yalilia chwaa, chwaa, kila tulipopiga, safi, salama, hayajarogwa na mtu.

Bibi mmoja wa Karema alipenya katikati yetu na ndoo kichwani, kata inaelea juu. "Sogeeni nyie," alisema, akachota, akainama kwa Mhoja. Kocha alimdaka mkono.

"Bibi, samahani. Ni maji ya wapi?"

"Ya wapi? Baba, wewe kipofu?"

Nilimwona Kocha akitetemeka. Mtu aliyeamini jambo maisha yake yote hatetemeki kwa ujinga, hutetemeka kwa mapenzi: aliamini kata ile ingemmaliza mwanawe. Akaichukua. Akanywa yeye kwanza, yote. Akasimama, akanyanyua mguu wa kulia, akaukunja. Akanyanyua wa kushoto. Akatembea hatua chache akaruka kidogo. Akarudi, akachota tena.

"Uchawi mwingine huja taratibu," alieleza.

"We baba!" bibi alipiga ukelele. "Mtoto anakufa, wewe unaonja kama pombe ya harusi!"

Akampokonya kata, akamwinua Mhoja kichwa, akamdondoshea midomoni kidogo kidogo, na ndoo iliyobaki akammwagia yote. Hapo kitu kilivunjika ndani ya Kocha, si kufuli. Alimbeba Mhoja mgongoni, akateremka naye, akaingia ziwani na viatu vyake mpaka kiunoni, akamshika juu ya maji kama watu wa misheni wanavyombatiza mtoto, akilia kwa sauti, "Kunywa, mwanangu, kunywa tena." Mhoja alitapika, akanywa, akatapika, akafumbua macho. Akauliza kama wale weupe wawili wamefika.

"Wamefika," alisema Kocha. "Wote wamefika."

Mechi ilimalizika bila sisi kujua ilimalizikaje. Jioni lori la tajiri lilipita mbele yetu likinuka samaki. Kwenye kiti cha mbele alikaa yule kijana wa kitambi, kidevu bado kimeloa, anatupungia mkono. Mhoja, aliyefunikwa kanga ya bibi, alimpungia pia.

Kiangazi alirudi kwenye ng'ombe. Viatu akampa mdogo wake.

Kocha hakuomba radhi kwa mtu, sijui kama angejua aanzie wapi. Aligeuka tu. Msimu uliofuata alikuwa na timu mpya ya vijana na mitungi mitatu ya udongo pembeni mwa uwanja, na sheria mpya: kila aliyegusa mpira anywe, na ambaye hajagusa anywe ili auguse. Walikunywa kabla ya kurusha, walikunywa baada ya kona. Walikimbia wakisikika matumbo kama madebe. Niliona kwa macho yangu timu yao ikifungwa bao wakati safu nzima ya ulinzi ikiwa kwenye majani marefu, imegeuka upande wa pili, inajisaidia. Kocha alipiga makofi. "Wanatoa!" alimwambia refa kwa furaha. "Mtu anayetoa ni mzima!" Nyumbani kwake hukujibiwa salamu kabla hujamaliza kikombe. Mama Maandazi aliacha kuuza chai, kwa sababu wateja walifika kwenye benchi lake wameshashiba maji.

Maziwa aliyaruhusu. Mlenda aliuruhusu. Jogoo alizeeka akafa kifo chake.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba sebuleni, miguu imevimba. Tabibu alikuwa amemwambia apunguze maji, moyo wake haukuyaweza tena. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayesimulia mzaha wa mwenzake mjanja. Pembeni ya kitanda lilikuwa dumu la njano, limefifia, na kufuli lake jekundu kwa kutu.

"Yamo yale yale?" niliuliza.

"Yale yale." Akageukia mlango. "Hajawahi kuja, unajua. Natuma salamu Litapunga kila gulio. Anaitikia, haji. Nataka anywe maji ndani ya nyumba yangu, basi. Nife baada ya hapo, hata kabla ya magharibi."

Nilikuwa bado nipo alasiri ile ile mlango uliposukumwa, na mtu mwenye mgolole na fimbo akaziba mwanga wote.

"Mwadila, Kocha," Mhoja alisalimu kwa Kisukuma. Alikuwa amenenepa shingo, na uso wake bado ulitulia. "Nimeleta ndama mnadani. Nikasikia unaumwa."

Kocha alijiinua kwa viwiko. Aliniashiria mtungi. Nilichota, yeye akachukua kikombe mkononi mwangu, akakishika kwa mikono miwili. Akamnyooshea.

Mhoja alikitazama kikombe. Hakukipokea. Nje Mama Maandazi aliacha kuchochea moto.

"Wewe kwanza, Kocha," alisema Mhoja.

Mzee akanywa funda moja, lile alilokatazwa. Akaning'iniza mguu wake wa kulia nje ya kitanda, mguu mnene kama gogo, akaunyanyua kwa shida, akaukunja. Akaurudisha. Akanyanyua wa kushoto.

Mhoja alianza kucheka kimyakimya, mabega yakimruka, mpaka mgolole ukamteleza. Kocha naye akacheka, akakohoa, akacheka. Ndipo Mhoja alipochukua kikombe akakimaliza kwa pumzi moja, akakigeuza juu chini kuonyesha.

"Uchawi mwingine huja taratibu," alisema.

"Subiri basi."

"Siwezi, ndama wananingoja juani." Akaliona dumu. Akaligonga kwa ncha ya fimbo. "Hili nalichukua. Wana kiu."

"Lina kufuli," alisema Kocha.

"Nina shoka."

Kocha alivua kamba ya kiatu shingoni, akampa ufunguo. Wote watatu tulijua haufungui kitu. Mhoja aliuvaa, akalitupia dumu begani, na maji yale yakaanza tena, chwaa, chwaa, kuvuka sebule, kuvuka kizingiti. Kocha alifumba macho kuyasikiliza, mpaka Mhoja alipouvuta mlango nyuma yake ukafungika.